Kiti Unakiweka Wapi Mchana

Tangu nirudishe mkasi wa kupogolea na buti za kazi, asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Naamka saa ile ile ya zamani, nanawa uso, navaa shati, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Siku ya kuniaga, mkuu wenu aliniomba niwaambie vijana maneno mawili. Nilisimama, nikatazama nyuso ambazo nyingi sikujua majina yake, nikasema aksanti nikaketi. Haya basi ndiyo yale maneno mawili. Yamerefuka kidogo, mtanisamehe, ninyi mliobaki kwenye servisi ya miti ya mji wetu wa Lubumbashi.

Nitajitahidi kuandika Kiswahili bora, kile cha shule ya mapadri. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa. Mama Kapinga akizungumza Kiswahili bora hatakuwa Mama Kapinga tena, na habari hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Niliingia kazini nikiwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa. Siku ya kwanza kapita, msimamizi wetu, alinipa bluzi ya kaki na kofia yenye beji ya mji, akanituma kwenye avenyu moja isiyokuwa na hata mti mmoja. Katikati ya mji jakaranda zilikuwa zimejaa tangu enzi za Wabelgiji. Sisi wa pembeni tulikuwa na vumbi. Sasa mji ulikuwa umeamua kupanda mti mbele ya kila lupango, yaani kila nyumba na ukuta wake, na kazi yangu ilikuwa kuuliza wenyewe wanataka mti gani. Nikapita mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza wakasema jakaranda. Wa pili, jakaranda. Avenyu nzima, jakaranda tupu. Nikarudi ninajisifu kwamba nimeleta jibu safi, lisilo na ubishi. Tukapanda. Mvua hazijaisha, miti yote ikawa imekufa, mmoja baada ya mwingine, kama iliyoambizana.

Kapita alinipeleka kwa Mama Kapinga, mkubwa wa pepinyeri, pale tulipokuwa tukiotesha miche ndani ya mikebe ya mafuta ya kula. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uzi wa katani mdomoni muda wote, wa kufungia miche, na sepeto ndogo aliyotengenezewa kwa chuma cha springi ya gari. Baba yake alikuja hapa kutoka Kasai kufanya kazi kwenye reli, na yeye alizaliwa hapa hapa, akasoma hapa, akazika mume hapa. Na sisi aliongea Kiswahili. Na miche aliongea Kiluba cha Kasai, na ilimsikia. Alishika mmoja wa ile miti yangu iliyokufa, akanusa mizizi, akautoa ule uzi mdomoni.

“Inanuka sabuni,” akasema. “Bamemwangia maji ya kufulia, ya moto. Ulienda na kofia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Njo maana. Muntu ya Leta akikuuliza unapenda nini, unamujibia kile yeye anapenda. Akitoka, unafanya kile weye unapenda.”

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kuuliza ukiwa umevaa kofia ya Leta, yaani ya serikali. Watu wa avenyu ile walidhani mti ule utafuatwa na kodi, na jakaranda ndio mti wa wakubwa, basi wakanitajia mti wa wakubwa ili niondoke.

Ndipo akanifundisha namna ya kuuliza, na namna hiyo nimeitumia mpaka juzi. Vua kofia. Salimia, omba maji ya kunywa, kaa. Usitaje mti. Uliza mambo ya nyumbani, na mwisho uulize: kiti unakiweka wapi mchana? Mtu atanyoosha kidole bila kufikiri. Hapo utaona jua linamuuma upande gani, mama anauzia wapi mikate, baba anatengenezea wapi baiskeli. Ukishajua kiti, mti unajichagua wenyewe, na aliyekuonyesha kiti atautilia maji kwa sababu ni wake.

Kwa kuuliza hivyo nilijua mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyatia kwenye ripoti. Kila mtu anapenda mwembe, ila mbele ya mlango wa jirani, kwa sababu mwembe wa kwako unaletewa mawe na mawe yanaishia kwenye manjanja, yale mabati ya paa. Mwenye gari hataki avoka, yaani parachichi, lisije likamwangukia kioo. Anayeanika mihogo hataki mti unaodondosha maua. Mikaratusi inakunywa kisima cha watu. Kule Golf, kwenye nyumba kubwa, hawataki tunda lolote, maana tunda linaleta watu. Wanataka misipresi iliyosimama wima kama maaskari na isiyompa mtu yeyote kivuli. Katekista mmoja alikataa kabisa mti wowote. Alisema anataka kuona anayekuja kabla hajafika, na aliyekuwa anamuogopa hakunitajia.

Lakini sababu kubwa kuliko zote watu hawaisemi mpaka wamekuzoea. Sababu hiyo ni matanga. Mnajua desturi yetu: nyumba ikifiwa, tunalaza makuti ya mchikichi barabarani ili wapitao wajue, na watu wanakaa nje siku kadhaa. Mti wa mlangoni lazima utoshe kuwafunika watakaokuja. Wazee walikuwa wanaupima mche kwa macho wakiwaza viti. Mama Kapinga alikuwa akisema, “Muti ya barabara haina ya leo. Iko ya ile siku yako.” Nilicheka, nilikuwa kijana.

Niliacha kucheka mke wangu Leoni alipofariki. Tulikuwa hatujajaliwa mtoto. Mji ulikuwa bado umesimama wakati huo, na mbele yetu palikuwa na jakaranda pana, imechanua. Avenyu nzima ilikuja kukaa. Mama Kapinga alileta pepinyeri yote, akapanga viti, akawapa watu maji, na maua yakawa yanatuangukia mabegani na hakuna aliyeyapangusa. Nilikuwa na huzuni ya kupasuka, lakini peke yangu sikuwa. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona wote pamoja.

Baada ya hapo mambo yakaharibika, kidogo kidogo, halafu yote kwa mara moja. Kampuni ya migodi iliyokuwa inalisha mji ikaanza kuchechemea. Ukaja uporaji, madirisha yakavunjwa, maduka yakabaki kuta. Umeme ukawa mgeni, makala, yaani makaa, yakapanda bei, na watu wakaanza kuitazama miti kwa jicho la jikoni. Walikata matawi, kisha mashina, mchana kweupe. Utabishana na nani? Na mama mwenye sufuria na watoto? Nilipita kwenye mlango ambao mimi mwenyewe niliuliza kiti, nikamkuta mwenyewe na shoka, anakata ule mti wake. Akasimama akanisalimia, “Jambo, Papa Mwansa.” Nikaitika jambo. Akaendelea kukata. 

Na halafu ikaja ile ya kufukuzana. Siasa siijui na sitaki kuijua uzeeni. Wakubwa walisema, majirani wakasikia, na mtu aliyezaliwa kwenye hospitali yetu akaambiwa arudi kwao Kasai, ambako hajawahi kufika. Mama Kapinga alikuja kazini mpaka mwisho. Siku moja hakuja. Nilimkuta gare, yaani stesheni ya treni, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, na binti yake Ntumba, katikati ya maelfu ya watu chini ya mahema ya plastiki, wanangoja treni isiyojulikana itakuja lini.

Kila nilipopata, nilimpelekea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Alikuwa anauliza kwanza habari za pepinyeri: nani anamwagilia? Nilimwambia mimi. Ilikuwa kweli, ingawa mikebe ilishaibiwa karibu yote na nilikuwa namwagilia kidogo kilichobaki. Hakulia mbele yangu. Alikuwa na hasira tulivu, ile ya mtu aliyepanga nyumba vizuri halafu wengine wakaingia na viatu vya matope.

Kitu kimoja tu alikiomba. Mbele ya nyumba yake kule Makomeno alikuwa ameotesha msafu, mti wa matunda ya safu, wanayoyapenda sana watu wa Kasai. Mbegu aliletewa na shangazi ndani ya kitambaa cha kichwa. Servisi nzima tulimwambia baridi ya mwezi wa sita itauua. Kila baridi aliufunga magunia, akauimbia, akatununia sisi. Sasa ulikuwa umepita paa la nyumba, ila haujazaa hata mara moja.

“Mwansa,” aliniambia pale gare, “ile safu yangu.”

“Naiona kila siku, Mama.”

“Basiikate. Ikizaa, nitarudia kukula. Beko banasema kwetu iko kule. Miye kwetu njo pale ninaweka kiti yangu.”

Nikamuahidi kwamba hakuna atakayeukata. Siku iliyofuata nilikuja na sufuria imefungwa kitambaa, nikakuta mahali pale peupe. Treni ilikuwa imeondoka nao kwenye mabehewa ya mizigo. Palikuwa na majivu na kandambili moja ya mtoto. Nilikaa chini pale alipokuwa, nikafungua sufuria nikakila kile chakula mwenyewe, kwa sababu njaa ilikuwa mjini na chakula hakitupwi. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama bukari ile.

Sasa niwaeleze mti wa mtu unalindwaje wakati hakuna sheria. Mnajua miti ya mji hupakwa chokaa mguuni. Nilichanganya chokaa na chumvi ili mvua isiioshe upesi, nikaupaka msafu ule mkanda mweupe mpaka magotini pangu. Kila mwanzo wa kiangazi niliurudia. Na nilivaa ile kofia. Servisi ilikuwa imekufa, ofisi yetu ilikuwa inakaa mbuzi, lakini mimi nilipita Makomeno nimevaa kofia yenye beji kama waziri.

Walioingia kwenye nyumba ya Mama Kapinga walinitazama. Mmoja akaja na panga mkononi, akauliza, “Hii muti iko ya Leta?”

“Iko ya Leta,” nikasema.

Leta yenyewe haikuwepo tena, lakini kofia ilikuwepo. Ile kofia iliyowafanya watu wanidanganye ujanani, sasa ikanisaidia mimi kuwadanganya wao. Miti mingine yote ya avenyu ile ikaenda jikoni. Ukabaki huo mmoja.

Miaka ikapita. Kina mama wa pale wakawa wananitania: Papa Mwansa, huu mchumba wako unazaa lini? Nikawajibu utazaa. Ulichanua, maua madogo yasiyo na sura, yakaanguka, basi. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Nilianza kuogopa. Nilikuwa nimelishika neno lake kama ahadi ya pande mbili: utazaa, atarudi. Mtu akiishi peke yake muda mrefu, anaanza kufanya mikataba na miti.

Siku moja muuza matunda mmoja, aliyekulia kule kwenye misafu mingi, alipita na beseni yake kichwani. Akasimama, akayainua macho, akaokota maua, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja safu. Akacheka mpaka akashusha beseni. “Papa, hii iko dume. Haizaake. Utangoja mpaka Yezu atarudia.”

Nikacheka naye, kwa sauti, katikati ya barabara. Halafu akaenda zake na kicheko kikakosa mtu wa kukishika upande wa pili. Mama Kapinga, bingwa wa miche, alifunga magunia miaka yote hiyo mti dume! Nilitamani sana kumwambia. Barua hazikuwa zinafika, na waliokwenda hawakuwa na anwani. Kiangazi kilipofika, nikachanganya chokaa na chumvi kama kawaida.

Baadaye vita vikapita juu yetu, bendera zikabadilika, na servisi ikafufuliwa. Tulipata misumeno ya injini na magari. Migodi ikaanza tena kwa wenyewe wengine, na mji ukajaa malori. Nyumba ya Mama Kapinga ikauzwa tena na tena, mpaka ikaangukia kwa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, Mkristo msali sana na mtu wa haraka, anayeleta vitunguu na unga kutoka upande wa Zambia. Akaomba ruhusa ya kuukata msafu. Malori yake hayakuweza kukunja kona pale mlangoni. Na mtu aliyetumwa kwenda kusikiliza ombi hilo alikuwa mimi. Kukataa nisingeweza, mti mmoja usiozaa, mbele ya mlango wa mtu aliyenunua kihalali.

Nilivua kofia. Nikaomba maji, nikakaa. Nikamuuliza kiti anakiweka wapi mchana.

“Kiti?” akasema. “Papa, mimi siikalake. Niko na makamyo.” Yaani hana muda wa kukaa, ana malori.

Nikamuomba basi tungoje kidogo. Hakupenda, lakini mimi nilikuwa mzee na maji yake nilikuwa sijayamaliza. Lori lake moja likarudi kutoka Kasumbalesa, ambako lilikuwa limekaa kwenye foleni ya mpaka kwa siku nyingi. Dereva alilisimamisha chini ya msafu, akashuka, hakuingia ndani kusalimia wala kula. Alilala pale pale chini, kwenye kivuli, viatu miguuni. Kambale alimtazama. Akaenda akaweka mkono kwenye turubai ya vitunguu, ule upande wa kivuli, kisha ule wa jua.

“Hii muti ilipandwa na nani?” akauliza.

Nikamwambia yote: gare, sufuria, chokaa, hata habari ya udume. Kisha akasema kwamba kwao, kule Kivu, walikimbia mara mbili, na mlangoni kwao kulikuwa na avoka ya mama yake, na hajui kama bado imesimama. Juma lililofuata alibomoa ukuta upande wa pili akafungua mlango mwingine wa malori. Ndiyo kesi iliyonitia hofu kuliko zote katika kazi yangu, na kwenye ripoti niliandika: mti utabaki.

Mwaka huu, muda mfupi baada ya kustaafu, simu yangu iliita namba nisiyoijua. Ilikuwa Ntumba. Sauti ya msichana wa gare ilikuwa imekuwa sauti ya mama mtu mzima. Alinitafuta kupitia watu wa kanisa. Akaniambia Mama Kapinga amefariki, huko Kasai, na wameshamzika.

“Kila muntu alikuwa anatoka Lubumbashi, mama alikuwa anamuuliza ile safu,” akasema. “Ilizaa?”

Nilitaka kumwambia ile habari ya dume, tucheke. Nilishindwa.

“Iko pale,” nikamwambia. “Habakuikata.”

Alilia, nami nikalia, kila mmoja na simu yake. Kisha nikakata makuti ya mchikichi, nikayafunga, nikabeba kiti changu kichwani, nikatembea mpaka Makomeno. Niliyalaza makuti barabarani mbele ya msafu, nikaweka kiti kwenye kivuli, nikaketi. Waliopita walipunguza mwendo, wakavua kofia, wakauliza nani, nikawaambia Mama Kapinga. Hakuna aliyelijua jina hilo. Avenyu nzima hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumjua. Wakasema pole, wakaenda. Nilikaa hivyo, mfiwa mmoja chini ya mti unaotosha watu wa mtaa mzima.

Gari la Kambale likatokea kwenye kona. Aliyaona makuti mbele ya mlango wake mwenyewe, akaruka chini akiacha mlango wazi, uso umemwisha damu.

“Nani amekufa kwangu?”

“Mwenye muti,” nikasema.

Alisimama akihema. Nilifikiri atanigombeza, na angekuwa na haki. Akaingia ndani akarudi amebeba viti vya plastiki, amevipanga kimoja juu ya kingine. Akaamuru lori moja lisimame katikati ya barabara kufunga njia. Madereva wakaja kukaa. Mama wa jirani akaleta maji, mwingine akawasha makala. Walipojaa, Kambale akanigeukia akasema, “Basi, Papa, tuambie alikuwa muntu wa namna gani.” Nikaanza na kofia.

Matanga yalipokwisha, madereva walikuja kukusanya viti. Walipofika kwenye changu, Kambale akawaambia, “Ile muiache.” Kiko pale mpaka leo, na mchana nakwenda kukaa. Siku nyingi ninakuwa peke yangu. Msafu umechanua tena mwaka huu, na maua yake yananiangukia kwenye karatasi hizi.